Mbeya mpaka Matema kwa gari: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nimechoka kujibu mtu mmoja mmoja inbox, sio kwamba nawachukia ila vidole vinauma. Nimeyaweka yote hapa. Mimi ni mtu wa Uyole, njia hii nimeipita kwa Noah, kwa kosta, na mara moja kwa pikipiki (sirudii), kwahiyo naongea nilichokiona. Ukiona sehemu nimeandika kirefu ujue nina la kusema, ukiona kifupi ujue hamna kitu.

Hii safari yenyewe ni ipi hasa?

Unaanzia Mbeya mjini au Uyole, unapanda Isyonje kwenye viazi na kabichi, unapita chini ya ziwa Ngozi, Kiwira, Tukuyu, unashuka mpaka uwanda wa Kyela, unaingia Kikusya, Ipinda, halafu Matema kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa. Uyole mpaka Matema kwa lami hata kilomita 170 hazifiki. Lakini humo ndani kuna volkano, maji yanayochemka yenyewe, daraja lililojengwa na lava, chai, kokoa, mpunga na beach. Asubuhi umevaa sweta na mdomo unatoa moshi, saa tisa unatembea peku unatafuta kivuli. Barabara inakushusha kutoka mita zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari mpaka kama 475 pale ziwani, masikio yanaziba njiani kama uko kwenye ndege.

Siku moja inatosha? Tunataka kwenda na kurudi Jumamosi.

Mnaweza. Watu wanafanya, wanatoka saa kumi alfajiri, wanafika Matema wanapiga picha, wanakula samaki, wanageuza, wanarudi usiku kwenye ukungu wa Isyonje ambapo huoni hata taa ya gari lililo mbele yako, na Jumapili wanasema Matema ni mbali. Matema sio mbali, ni nyie mmeipita njia nzima mmelala. Chukueni siku tatu. Ya kwanza Ngozi na mlale Tukuyu, ya pili Daraja la Mungu na Kijungu halafu mshuke Matema jioni, ya tatu ni ya kukaa ziwani na kurudi. Mkiwa na nne ndio vizuri zaidi, mnaingiza maji moto na Masoko (ziwa dogo lililo kwenye mdomo wa volkano).

Kwanini huku ardhi inachemka na kwingine haichemki?

Hili swali nalipenda, hata watu wa hapahapa hawaulizi, wanaona mlima Rungwe kila siku wanadhani ni mlima tu.

Ni hivi. Bonde la Ufa lina matawi, na matawi matatu yanakutana hapa kwetu: moja linatoka upande wa Rukwa, moja linatoka Usangu, moja linaenda kusini ndio limebeba Ziwa Nyasa. Sasa mahali ardhi inapovutwa pande tatu kwa mpigo lazima ichanike, na palipochanika ndipo uji wa moto umepata njia. Ndio maana Rungwe (karibu mita 2,960), Ngozi na Kyejo zote ni volkano na zimepangana sehemu moja. Mvua inayonyesha Tukuyu, na inanyesha kwelikweli, inazama kwenye nyufa, inafika kwenye mawe ya moto, inapashwa, inarudi juu. Hiyo ndio maji moto. Hamna jini wala mtambo.

Hata Matema ni mtoto wa jambo hilohilo. Ile safu ya Livingstone inayosimama kama ukuta nyuma ya ziwa ni ukingo wa ufa, na ziwa ndio shimo lililobaki baada ya ardhi kuzama, limekwenda chini mpaka mita kama 700. Kwahiyo ukiwa umekaa kwenye mchanga pale, maji mbele na ukuta wa mlima ubavuni, umekaa ndani ya mpasuko wenyewe. Mimi nilikuja kulijua hili nimeshaenda mara nyingi tu, na safari iliyofuata nilikuwa naangalia dirishani kama mgeni.

Kwahiyo volkano zitalipuka tukiwa huko?

Tulia. Kyejo ilitema lava mara ya mwisho kama mwaka 1800, yaani juzi kwa hesabu za milima, na Ngozi mlipuko wake mkubwa wa mwisho haujafikisha miaka 1,000. Kwahiyo hazijafa, zimelala. Matetemeko madogo yapo, wenyeji wanayazoea, unasikia vyombo vinagongana kabatini halafu kimya. Sijawahi kusikia mtu ameahirisha harusi kwa sababu ya Kyejo. Mimi naogopa zaidi lori la makaa ya mawe linaloshuka mlima bila breki.

Ngozi ni ngumu kiasi gani? Mama yangu ana miaka 60.

Unaacha lami pale Mchangani, unaingia barabara ya vumbi kilomita kadhaa mpaka mwanzo wa njia, gari ndogo inafika kiangazi, mvua ikinyesha usijaribu. Halafu mguu kama saa moja, wavivu saa moja na nusu, ndani ya msitu mzito wenye mianzi na mizizi iliyotambaa njiani. Mwisho ndio kuna mpando wa kushikilia miti. Mama wa miaka 60 anayelima bado atakupita wewe na simu yako. Mama wa kukaa ofisini apewe fimbo na muda.

Chukueni mwongozaji wa pale kijijini, njia zinagawanyika na ukungu ukishuka ni hatari. Kiingilio cha msituni ni cha serikali, unapewa kontrol namba unalipa kwa simu, kwahiyo weka salio la kutosha kabla hujaingia maana mtandao unakatika.

Ukifika juu unakuta uko kwenye mdomo wa volkano, chini kabisa kuna ziwa la kijani, limetulia, kuta zimelizunguka pande zote. Lina urefu kama kilomita mbili na nusu. Halina mto unaotoka. Kuna siku utafika juu ukakuta ukungu mweupe peke yake, hulioni ziwa, na hela hairudishwi. Nendeni asubuhi.

Naweza kushuka mpaka kwenye maji ya Ngozi niogelee?

Usishuke. Ukuta umesimama, unateleza, ukivunjika mguu kukutoa ni kazi ya siku nzima ya vijana wanane. Halafu maji yenyewe yana chumvichumvi, kuna maji ya moto na gesi yanayoingilia kutoka chini, ndio maana watafiti wa jotoardhi wanalipenda lile eneo. Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania ina mradi hapo Ngozi na mwingine upande wa Kyejo na Mbaka, lengo ni kupata mvuke wa kuzalisha umeme. Wazee wao wana sababu nyingine ya kukukataza, wanasema mle kuna joka. Chagua sababu unayoitaka, ila baki juu.

Daraja la Mungu na Kijungu ni kitu kimoja?

Hapana, ni mto mmoja (Kiwira) sehemu mbili. Daraja la Mungu ni mwamba uliovuka mto kama daraja. Lava ilikuja ikapita juu ya maji, ikapoa ikaganda, maji yakaendelea kupita chini. Watu walikuwa wanavuka kwa miguu toka zamani. Kijungu ni mbele kidogo, mto mzima unajibana unaingia kwenye tundu la mwamba lenye umbo la chungu, ndio jina lake hilo, unazama unatokea mbele. Sauti yake unaisikia kifuani.

Kijungu unapita eneo la Magereza, kuna geti, unajiandikisha. Muwe na vitambulisho, msalimie vizuri, na msipige picha geti wala majengo wala wafungwa walioko shambani. Kuna jamaa niliongozana nae alitoa simu kabla hatujaruhusiwa, tulikaa pale dakika arobaini tunaelezea kwamba sisi ni watu wazuri.

Na pale Kijungu mawe yana utelezi, watoto washikwe mkono. Sio wawe karibu, washikwe.

Maji moto yako wapi na naoga?

Yapo sehemu nyingi ila mbili ndio watu wanaenda.

Kilambo, upande wa Busokelo, kwenye ufa wa Mbaka. Yanatoka na joto la nyuzi kama 60, yanatiririka, na kadri yanavyoenda mbali na chanzo yanapoa, kwahiyo wenyeji wana sehemu zao za kuogea kule chini. Usiingie kwenye chanzo. Nyuzi 60 ni chai uliyoimimina muda kidogo, ngozi inatoka. Fuata wenyeji wanapoingia, na uliza upande wa wanawake ni upi kabla hujajitokeza na bukta.

Songwe, hii iko upande mwingine kabisa, magharibi ya Mbeya njia ya Tunduma, haipo njiani kwenda Matema. Kule maji ni ya moto zaidi, kuna macho yanayovuka nyuzi 70, na yameacha mawe meupe kama nta ya mshumaa iliyoganda, kwa karne na karne. Kuoga sahau, ila kuangalia inafaa. Ukienda Songwe unganisha na kimondo cha Mbozi hukohuko mbele, kile jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani, uzito wake unatajwa kuanzia tani 12 hadi 16. Fanya siku yake peke yake.

Kuhusu kutibu: watu wanasema yanatibu mgongo, ngozi, hata mikosi. Mgongo kupata nafuu kwenye maji ya moto sikatai. Mikosi sijui, mimi nilioga na bado nilipata pancha Lwangwa.

Nimesikia kuna mahali gesi inaua ndege, ni kweli?

Ni kweli na hii naomba msome vizuri. Maeneo ya kuzunguka Rungwe na Kyejo kuna matundu ambapo hewa ya kaboni dayoksaidi inatoka ardhini baridi tu, haina rangi, haina harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwahiyo inalala kwenye vijishimo na mabonde madogo, hasa alfajiri kabla upepo haujaamka. Unakuta wadudu, vindege, panya wamekufa pale kama wamelala. Gesi hiyohiyo kuna kiwanda kinaivuna kule Kyejo inaenda kutiwa kwenye soda, kwahiyo yale mapovu unayokunywa huenda yametoka Rungwe.

Kwa msafiri ni hivi: ukiona kishimo kina vindege vilivyokufa usiiname kuangalia, na usimwache mtoto akimbilie. Wenyeji wanayajua hayo maeneo, uliza. Barabarani na kwenye vivutio vya kawaida huna tatizo.

Gari gani? IST yangu inafika?

Inafika. Barabara kuu ni lami mpaka Matema kwenyewe. IST itakusumbua ukitaka kuacha lami: Ngozi, maporomoko ya Kaporogwe, Masoko, Kilambo. Kiangazi unapita taratibu, mvua ukiwa na gari ya chini utasukuma.

Breki sasa. Kutoka Tukuyu kwenda chini ni mteremko mrefu na una kona, na watu wa tambarare wanashuka mguu ukiwa kwenye breki muda wote. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo mwaka wa kwanza, nimejaza watu saba na mizigo, tukaanza kusikia harufu ya kitu kinaungua, shemeji akasema ni wenyeji wanachoma majani, mie nikaamini. Breki ilikuwa inazama mpaka chini. Tulisimama kwenye shamba la chai karibu saa nzima gari ipoe, watoto wakafurahi, mimi jasho. Weka gia ndogo uache injini ishike gari.

Sina gari.

Kosta na Noah za Kyela zinatoka Mbeya siku nzima, kwa Tukuyu ndio kabisa nyingi. Matema unaunganisha Kyela au Ipinda. Vivutio vya ndani unachukua bodaboda pale Tukuyu au Kiwira, elewaneni bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hujapanda, neno kusubiri usilisahau. Wa Dar mnaweza kuja na treni ya TAZARA mpaka Mbeya kama inatembea na hamna haraka, au ndege mpaka uwanja wa Songwe, Mbeya. Wa Iringa mkifika Uyole msiingie Mbeya mjini kabisa, kateni kushoto hapohapo.

Mwezi gani ni mzuri?

Juni mpaka Oktoba. Juni na Julai Uyole na Isyonje baridi yake sio ya mchezo, kuna asubuhi majani yana barafu, lakini mbingu safi na Ngozi inaonekana. Ila miezi hiyo upepo wa ziwani unaweza kuwa mkali na mawimbi makubwa Matema, kwahiyo mimi binafsi nachagua Septemba na Oktoba. Machi na Aprili Tukuyu mvua inanyesha kama ina deni na Kyela mafuriko ni kitu cha kawaida. Tukuyu hata kiangazi inaweza kukunyeshea, beba koti.

Wanaopenda maua wao waje kati ya Desemba na Aprili waende Kitulo, unakata pale Isyonje. Ni hifadhi ya taifa toka 2005, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Na kwenye misitu ya Rungwe na Livingstone kuna nyani anaitwa kipunji, wanasayansi walimtangaza 2005 kama mpya duniani, wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamjua siku zote na hamna aliyewauliza.

Masoko na Kaporogwe niingize?

Masoko ndio. Ni ziwa lingine la kreta, dogo, la mviringo, na Wajerumani walikuwa na kambi pembeni yake. Watu wanasema vita ya kwanza ya dunia ilipowaelemea walitupa hela na vitu vyao ziwani, na mpaka leo watoto watakuletea sarafu za zamani wanauza. Nyingine ni za kweli. Kaporogwe ni maporomoko mazuri, yana pango nyuma ya maji, ila njia yake ni ndefu, ingiza kama una siku ya nne.

Matema ni beach kweli au mnatuuzia?

Ni beach. Mchanga, maji baridi safi (sio chumvi, mtoto akinywa hatapiki), mitumbwi ya mti mmoja, na milima inayoanguka moja kwa moja ziwani. Hamna muziki mkubwa, hamna ski za maji. Ukitaka kelele nenda Kigamboni. Maji ukiingia na miwani ya kuogelea upande wa mawe utaona visamaki vya bluu na njano, ziwa hili lina aina za samaki nyingi kuliko ziwa lolote duniani.

Mamba? Kichocho?

Mamba wapo kwenye midomo ya mito, Lufilyo huko na kwenye matete. Ogeleeni mbele ya gesti wanapooga watu, na jioni tokeni. Kichocho kipo kwenye ziwa hili, hasa maji yaliyotulia yenye majani na konokono. Wengi tunaoga, halafu wiki sita mpaka nane baadae unaenda hospitali unapima, unapewa praziquantel inaisha. Usimeze siku unayorudi, minyoo ikiwa bado michanga dawa haiiui vizuri. Na Kyela kuna malaria, chandarua sio urembo.

Vyungu vinauzwa wapi?

Jumamosi, Lyulilo, dakika chache kutoka Matema. Kina mama wa Kikisi wanatoka Ikombe na mitumbwi imejaa vyungu mpaka unaona itazama. Wanafinyanga kwa mkono bila gurudumu, wanapaka udongo mwekundu na nakshi nyeupe. Vyungu vyao unavikuta mpaka masoko ya Mbeya kwa bei mara mbili. Panga safari uangukie Jumamosi, hata kama ni kwa hili tu. Na msibishane bei mpaka mama wa watu achoke, chungu hicho amekipigia kasia. Ufungashaji: majani ya mgomba makavu, sio gazeti.

Tutakula nini?

Isyonje viazi na mahindi ya kuchoma. Tukuyu ndizi, omba mbalaga, na parachichi kubwa kama kichwa cha mtoto. Kyela wali, na hapa sitaki ubishi, mchele wa Kyela ukiwa jikoni jirani anajua. Matema samaki: mbasa akipatikana usiulize bei, kula. Usipa wa kukaanga na ugali ni chakula cha pesa kidogo na kitamu kuliko vyote. Ukishashiba sema ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa), utaongezewa.

Malazi?

Tukuyu gesti za kila bei. Matema zipo za kanisa na za watu binafsi, ukipiga simu mapema unapata ya kutazama maji. Pasaka na Krismasi kunajaa mpaka watu wanalala kwenye magari.

Ni Ziwa Nyasa au Ziwa Malawi?

Umesimama Matema. Sema Nyasa.

Tubebe nini?

Hela taslimu (toa Tukuyu au Kyela, Matema mawakala wanaishiwa), tochi, viatu vya kushika utelezi, kandambili, koti la mvua, dawa ya mbu. Na sweta. Ukifika Ipinda joto litakufanya ulivue ulitupe chini ya siti, mimi langu lilikaa huko likaloweshwa na dumu la maji, na tulipofika Isyonje tunarudi saa moja usiku, ukungu umeshuka, pancha nyingine, nikabadilisha tairi nimejifunga kanga ya mke wangu.